Ukienda kuiona Batavia, anzia chini

Mara ya kwanza nilikwenda Lelystad, mji wa Uholanzi, kwa ajili ya viatu. Kando ya bandari ile kuna maduka ya bei nafuu ambayo wikendi hayapitiki, na ukiwa pale unaona milingoti mitatu ya meli Batavia imechomoza juu ya mapaa. Nikaingia melini na mifuko mikononi, nikapiga picha ile tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, yenye nakshi na rangi, nikajigonga kichwa kwenye boriti, nikatoka. Dakika 20. Nyumbani nilipoulizwa nimeona nini, nilikuwa na jibu moja: meli kubwa ya mbao.

Mara ya pili nilikwenda na mjomba, aliyekuja Uholanzi kututembelea kutoka Tanga. Mjomba amekalafati majahazi, yaani kuziba maungio ya mbao yasivuje, nusu ya umri wake. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni huo: kama kuna mtu katika ukoo wenu anayeijua mbao, nenda naye, na umwachie yeye aongoze.

Kabla hamjafika, mjue mnakwenda kuona nini. Ile ni nakala. Batavia yenyewe ilijengwa Amsterdam mwaka 1628 na kampuni ya Kiholanzi ya biashara ya Mashariki, VOC, kampuni ileile ambayo mwaka 1607 na tena 1608 ilikizingira kisiwa cha Msumbiji ili kuwang'oa Wareno, ikashindwa. Batavia haikumaliza hata safari yake ya kwanza. Tarehe 4 Juni 1629 ilipanda miamba ya visiwa vya Abrolhos, magharibi mwa Australia, ikiwa na watu zaidi ya 300. Kamanda Francisco Pelsaert alichukua mashua kwenda kutafuta msaada kisiwa cha Java, Indonesia ya leo, na huku nyuma Jeronimus Cornelisz, mfanyabiashara msaidizi wa meli, na genge lake wakaua zaidi ya watu 100 waliookoka majini. Mabaki ya tezi ya asili yako makumbusho ya Fremantle, hukohuko Australia.

Ya Lelystad ilianza kujengwa 1985 chini ya fundi Willem Vos, na vijana wasio na kazi walifundishwa ufundi palepale. Ilichukua miaka 10 hadi malkia Beatrix kuizindua. Niliogopa mjomba atavunjika moyo akisikia si ya kale. Wapi! "Basi waliojenga wanaulizika," akasema. Alifurahi zaidi alipoambiwa kwamba mafundi wa Amsterdam enzi zile hawakujenga kwa ramani za kuchora. Walikuwa na orodha ya vipimo vikuu, na kilichobaki kilikuwa jicho na mkono. Hiyo kazi anaijua.

Wageni wengi hupanda juu kwanza, kwenye chumba cha kamanda na madirisha yake. Ninyi shukeni. Chini ya sitaha ya mizinga kuna sitaha ya wanajeshi, na huko huwezi kusimama wima. Inama, kaa sakafuni, kaa dakika kumi hivi bila simu. Wanajeshi waliishi humo safari nzima, gizani, wakiruhusiwa kupanda kupata hewa kwa muda mfupi tu, na safari ya kwenda Java ilikula miezi minane au zaidi. Mimi kiuno kiliniuma kabla ya dakika ya tano. Ndipo nikaanza kuelewa kwa nini maasi yalipikwa ndani ya meli ile hata kabla ya mwamba.

Kisha ulizeni choo. Ndilo swali la kwanza la mjomba, nami nikaona haya kulitafsiri. Kumbe ndilo lililofungua mambo. Jahazini kwetu choo hutundikwa tezini. Kwa hawa, mabaharia walijisaidia omoni kabisa, mbele ya meli, kwenye mbao zenye matundu nyuma ya simba mwekundu wa kuchongwa, kwa sababu meli ya matanga ya mraba husukumwa zaidi na upepo wa nyuma, na harufu inatangulia. Kuchambia ilikuwa kamba moja ya wote iliyoning'inia baharini. Wakubwa tu ndio waliokuwa na choo chao tezini. Mjomba alicheka mpaka akashika mlingoti.

Msitafute usukani wa gurudumu, haumo; ulikuja karne iliyofuata. Kuna mti mrefu uliosimama, unaousukuma kushoto au kulia, na anayeushika haoni bahari, anafuata amri na dira.

Vaeni viatu vya soli laini, maana ngazi zina mwinuko wa kutisha. Bibi mwenye magoti mabovu abaki sitaha ya juu. Na msifike saa za alasiri kama mimi. Tulimkuta mzee mmoja wa kujitolea karibu na ubavu wa meli, mjomba akapapasa ungio la mbao, akauliza kwa vidole limezibwa kwa kitu gani. Katani na lami, mzee akaonyesha. Mjomba akatoa kalamu, akaanza kumchorea pamba na mafuta ya sifa, yaani ya samaki, na namna patasi inavyoshikwa. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Walinzi walipokuja kufunga, wale wawili walikuwa bado wamepiga magoti, na basi la kurudi kituoni lilikuwa limeshaondoka.