Kabla ya Kuhamia Linux na Magemu Yako, Nionyeshe Kwanza Unacheza Nini

Tangu Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, nimekuwa nikiulizwa na vijana wengi iwapo mtu anayependa magemu anaweza kuhamia Linux, mfumo endeshi huria, bila kuyaaga. Wana sababu ya kuuliza. Kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa Kariakoo na kwingineko hapa kwetu ni mitumba iliyotoka maofisini Ulaya na Uarabuni, EliteBook, Latitude na ThinkPad ambazo bado ni imara lakini hazitimizi masharti ya Windows 11, kwa kuwa mfumo huo hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane au cha baadaye. Mwenye mashine ya namna hiyo huiona Linux kuwa njia ya kuendelea kupata masasisho bila kununua kompyuta nyingine.

Nimecheza kwenye Linux kwa miaka kadhaa, na nimewasakinishia wenzangu wengi, na kila anayeniuliza humjibu kwa kumtaka anionyeshe mambo mawili: magemu anayoyacheza, kisha kadi ya michoro iliyomo ndani ya mashine yake. Yeyote anayekwambia kwamba Linux inacheza kila kitu, au kwamba haichezi chochote, hajauliza maswali hayo.

Ni kweli kwamba hali imebadilika mno. Katika takwimu ambazo Steam, duka la magemu la mtandaoni la kampuni ya Valve, huzitoa kila mwezi, Linux ilikaa chini ya asilimia 1 kwa muda mrefu, ikavuka kiwango hicho katikati ya mwaka 2021, na mwezi Oktoba 2025 ikapita asilimia 3 kwa mara ya kwanza. Asilimia 3 ni kidogo, lakini ni asilimia 3 ya duka ambalo lenyewe lilitangaza kuwa na watumiaji milioni 132 kwa mwezi katika mwaka 2021, na sasa Linux inaitangulia mifumo ya Apple katika takwimu hizo hizo.

Inafaa kuelewa ukuaji huu umetoka wapi, kwa sababu chanzo chake ndicho kinachoeleza kwa nini baadhi ya magemu yanakubali na mengine yanagoma. Jaribio la awali lilikuwa kuwaomba watengenezaji wa magemu waandike matoleo ya Linux. Kampuni ya Loki Software ilianza kazi hiyo mwaka 1998, ikayahamisha magemu kadhaa mashuhuri, ikafungwa mapema mwaka 2002. Valve iliileta Steam kwenye Linux mwezi Februari 2013, na mwaka 2015 zikaingia sokoni kompyuta za sebuleni zilizoitwa Steam Machines, ambazo hazikununulika, kwa kuwa mnunuzi alikuta sehemu kubwa ya magemu aliyoyataka haimo. Kumwomba mtengenezaji agharimie toleo la pekee kwa ajili ya mchezaji mmoja kati ya mia ni ombi ambalo hata mwenye moyo mwema hulikataa.

Mwezi Agosti 2018 Valve iliacha kuwaomba. Ilitoa Proton, mkusanyiko wa programu unaoliwezesha gemu lililoandikwa kwa ajili ya Windows kufanya kazi kwenye Linux bila mtengenezaji wake kugusa chochote. Msingi wake ni Wine, mradi wa programu huria ulioanza mwaka 1993, ambao Valve na kampuni ya CodeWeavers waliuendeleza kwa ajili ya magemu. Na kando ya Wine ipo DXVK, kazi iliyoanzishwa na Philip Rebohle, ambayo hupokea maagizo ya michoro ya Direct3D na kuyageuza yawe ya Vulkan, ambayo kadi za michoro kwenye Linux huyaelewa. Gemu huamini kwamba limo ndani ya Windows, na kati yake na mashine amekaa mkalimani mwepesi kiasi kwamba mara nyingi hutahisi tofauti yoyote ya kasi.

Steam Deck, kifaa cha mkononi kilichoanza kuwafikia wanunuzi mwezi Februari 2022, kiliwapa watengenezaji sababu ya kuyapima magemu yao juu ya Proton. Kifaa hicho hakiuzwi rasmi katika nchi zetu, lakini faida yake imetufikia, na hapa ndipo ninapouona uzito wa chanzo huria. Valve inapomlipa mhandisi arekebishe viendeshi (programu zinazouwezesha mfumo kuitumia kadi) vya kadi za AMD kwa ajili ya Steam Deck, marekebisho hayo huingia katika mradi wa Mesa, ambao kila distro, yaani kila toleo la Linux, huutumia, na mtu mwenye ThinkPad ya mtumba yenye michoro ya AMD pale Mbagala huyapata katika masasisho ya kawaida bila kulipa hata senti.

Sasa orodha yako. Andika magemu yote unayoyacheza kweli, kisha litafute kila moja katika tovuti ya ProtonDB, ambako wachezaji wenyewe hueleza lilivyowaendea. Usitazame daraja la jumla pekee. Soma taarifa za hivi karibuni zilizoandikwa na watu wenye kadi inayofanana na yako, kwa sababu gemu lililokuwa likikwama miaka mitatu iliyopita huenda leo linafunguka bila tatizo, na lililokuwa likifunguka linaweza kuwa limefungwa. Magemu ya kucheza peke yako, yenye hadithi na safari, karibu yote hufanya kazi, na mengi hayahitaji marekebisho yoyote zaidi ya kuruhusu Proton katika mipangilio ya Steam.

Kigingi kipo kwenye magemu ya mtandaoni yenye programu za kuzuia udanganyifu. Baadhi ya programu hizo hutaka kuingia ndani kabisa ya kiini cha Windows ili zione kila kinachofanyika kwenye kompyuta, na kwenye Linux hakuna kiini cha Windows cha kuingia. Easy Anti-Cheat na BattlEye zilitangaza mwaka 2021 kwamba zinaweza kufanya kazi kupitia Proton, lakini kwa sharti kwamba mwenye gemu aruhusu, na wengi hawajaruhusu. Fortnite haichezeki, ingawa Easy Anti-Cheat ni mali ya Epic ile ile inayoitengeneza. Valorant haichezeki. League of Legends ilikuwa ikichezeka hadi ilipowekewa Vanguard, programu nyingine ya kuzuia udanganyifu, mwaka 2024. Apex Legends ilikuwa ikichezeka vizuri, kisha mwezi Oktoba 2024 wachezaji wa Linux wakafungiwa mlango. Grand Theft Auto V inakubali sehemu ya hadithi, lakini sehemu yake ya mtandaoni ilifungwa mwezi Septemba 2024 ilipoingizwa BattlEye.

Gemu la mpira nimelitenga makusudi, maana ndilo linaloulizwa kuliko mengine yote. EA Sports FC za miaka ya karibuni kwenye kompyuta zinatumia mlinzi wa EA, yaani programu yake ya kuzuia udanganyifu, na mlinzi huyo hafanyi kazi kwenye Linux. Kama jioni zako zote ni mpira wa EA, ushauri wangu ni mfupi: usihame, au ibakize Windows katika sehemu moja ya diski na Linux katika nyingine. Nawaelewa watengenezaji wanaposema kwamba wadanganyifu wanawaharibia gemu, na kampuni ina haki ya kuchagua itamhudumia nani. Lakini mchezaji ajue kwamba katika magemu haya kinachokosekana ni ruhusa ya mwenye gemu au mlinzi anayefanya kazi kwenye Linux, si uwezo wa Linux kuliendesha gemu lenyewe, na hakuna mbinu ya usiku kucha itakayoziba pengo hilo. Mbinu za kumpita mlinzi zinaweza kukufungia akaunti daima. Anayetaka ushindani wa mtandaoni ana Counter-Strike 2 na Dota 2, ambayo Valve yenyewe huyatoa kwa ajili ya Linux, na yote mawili ni ya bure.

Jambo la pili, kadi ya michoro, ndilo linalowaumiza wenye mashine za mtumba, na waandishi wa nchi tajiri hulipita haraka kwa sababu haliwagusi. DXVK kuanzia toleo la 2.0, lililotoka Novemba 2022, hudai Vulkan 1.3. Kompyuta zenye Intel ya kizazi cha sita na kuendelea zinalitimiza sharti hilo. Zenye kizazi cha nne au cha nyuma yake hazilitimizi, wala kadi nyingi za Nvidia za mfululizo wa GTX 600 na 700, ambazo viendeshi vyake viliishia kwenye mfululizo wa 470. Kabla hujanunua, au kabla hujafuta Windows, washa Linux kutoka kwenye flashi, sakinisha kifurushi cha vulkan-tools, andika vulkaninfo --summary, na usome namba ya toleo. Mashine ikishindwa, bado unaweza kuweka PROTON_USE_WINED3D=1 %command% katika chaguo za kuanzisha gemu, na Proton itatumia OpenGL, njia ya zamani zaidi ya kuchora, badala ya Vulkan; kasi itapungua, lakini magemu ya zamani mara nyingi hukubali.

Kwa anayechagua mashine leo, kadi ya AMD ndiyo isiyo na usumbufu, kwa kuwa kiendeshi chake kimo tayari ndani ya mfumo. Nvidia hufanya kazi vizuri, ila itakubidi usakinishe viendeshi vya kampuni yenyewe. Kama mashine yako inategemea michoro ya Intel iliyo ndani ya prosesa, kumbuka kwamba michoro hiyo huazima RAM ya kompyuta: vijiti viwili vya GB 4 huipa kasi nzuri kuliko kijiti kimoja cha GB 8. Na Intel HD 520 itabaki kuwa Intel HD 520 chini ya mfumo wowote. Usitarajie Linux iigeuze kuwa kitu kingine.

Kuhusu distro sina maneno mengi, ingawa najua watu hupigana kwa sababu yake. Mashine ya zamani iwekee Linux Mint. Mashine mpya yenye kadi mpya iwekee Fedora, au Bazzite kama unataka kompyuta ya magemu iliyokwisha kuandaliwa. Ukiwa kwenye Ubuntu, chukua Steam katika kifurushi cha .deb kutoka tovuti ya Steam badala ya kile cha snap.

Bando ndilo linalostahili maelezo marefu zaidi. Mara ya kwanza Steam itapakua, mbali na gemu lenyewe, Proton pamoja na maktaba zake, na hiyo ni mamia ya megabaiti kabla hujacheza chochote. Baada ya hapo, kila mara itapakua sheda zilizotayarishwa mapema, yaani vipande vya programu vinavyoielekeza kadi namna ya kuchora, ili gemu lisisite-site unapoingia mahali papya. Mwenye waya wa fiba nyumbani aiache huduma hiyo. Anayenunua bando la simu aizime katika mipangilio ya Steam, kisha avumilie kusitasita kwa dakika za mwanzo hadi kadi izitengeneze sheda zenyewe. Aidha, tangu mwaka 2023 Steam inaweza kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ndani, hata kama moja ni ya Windows na nyingine ni ya Linux. Rafiki yako akiwa na gemu hilo na wewe umelinunua, pelekeni kompyuta zote mbili kwenye ruta moja, na makumi ya gigabaiti yatapita bila kugusa bando.

Usiyaweke magemu ya Linux katika diski iliyopangwa kwa NTFS ya Windows, hata kama inaonekana kuokoa nafasi. Proton hutengeneza faili na viungo ambavyo NTFS haivipokei vizuri, na makosa yake hayaeleweki kirahisi: gemu linabonyezwa, linasema linaanza, kisha kimya. Tenga sehemu ya ext4, mpangilio wa diski wa Linux wenyewe.

Magemu ya Epic na GOG huchezeka kupitia programu ya Heroic, na mengine kupitia ile ya Lutris. Yale yanayozunguka kwenye flashi bila leseni nakushauri uyaache, na si kwa sababu ya haki za watengenezaji pekee: Wine kwa kawaida huipa programu ya Windows diski iitwayo Z, ambayo ndani yake mna faili zako zote za Linux unazoweza kuzifungua mwenyewe, hivyo programu hasidi iliyofichwa ndani ya gemu la wizi itafika zilipo picha na nyaraka zako. Mwenye mfuko mdogo ana magemu huria yasiyodai mashine kubwa: SuperTuxKart ya mbio za magari, The Battle for Wesnoth, Luanti kwa wapenzi wa kujenga, na 0 A.D., gemu la mikakati ambamo unaweza kuongoza Wakushi wa Nubia, jambo ambalo magemu makubwa ya namna hiyo yamekuwa yakilisahau.

Ukinunua gemu kwenye Steam, lijaribu siku hiyo hiyo. Steam hukubali kurudisha fedha ndani ya siku 14 iwapo hujacheza zaidi ya saa mbili, na saa mbili zinatosha kujua kama gemu linakwenda juu ya Proton kwenye mashine yako. Likigoma, badilisha toleo la Proton mara moja au mbili katika sifa za gemu, ukianza na Proton Experimental. Likiendelea kugoma, omba fedha zako. Sehemu ya Windows usiifute mpaka kila gemu lililomo kwenye orodha yako liwe limefunguka, limehifadhi hatua uliyofikia, na kufunguka tena baada ya kompyuta kuzimwa.