Ekari tatu na milioni 18: uwanja wa michezo wa kijiji uanzie wapi

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: kijiji kimetenga ekari tatu kwa uwanja wa mpira wa miguu na netiboli, ahadi za wananchi na wadau zimefika Sh milioni 18, na kamati imegawanyika. Upande mmoja unataka kuanza na ukuta na jukwaa, mwingine unataka nyasi bandia. Kwa maoni yangu vyote viwili visubiri. Gawanyeni kazi kwa awamu, na kila awamu ikiisha iwe imeacha kitu kinachochezeka hata kama hakuna shilingi nyingine itakayokuja. Ukuta ulioishia kwenye msingi hauchezewi na mtu.

Kabla ya awamu yoyote, malizeni suala la karatasi ya ardhi. "Kijiji kimetenga" ni maneno tu mpaka Halmashauri ya Kijiji iwe imepitisha, Mkutano Mkuu wa Kijiji umeridhia, na muhtasari upo ukiwa na orodha ya mahudhurio, saini na mhuri. Ombeni pia eneo liingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kama eneo la michezo. Kama sehemu yake ilitolewa na mzee fulani, hati ya kuitoa isainiwe naye, mwenzi wake na watoto waliofikia utu uzima, mbele ya mtendaji wa kijiji. Wajukuu hurudi kudai siku thamani ya eneo inapopanda. Kama ardhi ni ya shule ya msingi, pateni makubaliano ya maandishi na kamati ya shule kuhusu saa za matumizi na nani anatunza, tena muulize kabisa shule inapanga kujenga wapi madarasa mapya. Viwanja vingi vya shule vimemegwa kwa njia hiyo. Halafu pigeni bikoni (alama za mipaka) kwenye kona zote.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana hapa ndipo ramani nyingi hufa. Ekari ya kuhesabu hatua 70 kwa 70 inategemea miguu ya aliyepima. Ekari halisi ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo ekari tatu ni kama 12,140. Uwanja wa mita 105 kwa 68 wenye nafasi ya mita 4 kila upande unakula karibu 8,600. Kwa hesabu unatosha, lakini umbo la kiwanja linaweza kukataa. Ekari tatu zikiwa zimepangwa mstari mmoja, mnapata ukanda wa takriban mita 63 kwa 191. Hapo upana wa 68 haupo kabisa. Msilazimishe. Sheria za mpira zinaruhusu urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa 45 hadi 90 kwa mechi zisizo za kimataifa, hivyo uwanja wa 100 kwa 55 ni halali, na mtabakiwa na zaidi ya mita 80 za urefu kwa netiboli, vyoo na maegesho. Kama mnalenga ligi fulani, ulizeni chama cha mpira cha wilaya vipimo vyake kabla ya kuchora.

Magoli yaelekee kaskazini na kusini. Mechi zetu huanza saa kumi jioni, na kipa anayetazama magharibi kwenye saa kumi na moja na nusu haoni mpira wa juu. Ukanda wenu ukiwa umelala mashariki hadi magharibi, zungusheni kadiri upana utakavyoruhusu. Nyuzi 15 au 20 pembeni ya kaskazini bado si mbaya.

Mwombeni mhandisi wa halmashauri au mpimaji apime mwinuko wa eneo kwa gridi ya mita 10, kwa sababu kusawazisha ndiko kutakakoamua bajeti yenu. Chukulia ardhi inashuka mita 2 kutoka upande mmoja wa upana hadi mwingine, mita 55. Kuilaza tambarare ni kukata hadi mita 1 upande wa juu na kujaza mita 1 upande wa chini, na kwa urefu wa mita 100 udongo unaohama ni kama mita za ujazo 1,400. Kwa tipa la mita 10 za ujazo ni safari 140. Tena hamhitaji tambarare kamili, kwa sababu tambarare kamili hutuamisha maji. Acheni mteremko wa asilimia 1, ama kutoka katikati kwenda pembeni (katikati iwe juu kama sentimita 27, yaani senti 27, kuliko mistari ya pembeni), ama kuelekea upande mmoja kufuata asili ya ardhi. Njia hii ya pili huokoa udongo mwingi. Pembeni chimbeni mtaro wa kupokea maji ya uwanjani, na upande wa mlimani mwingine wa kukinga maji ya nje yasiingie.

Kosa kubwa la greda ni hili: dereva anakwangua udongo wa juu, anausukumia pembeni kama tuta, kazi inaisha, na nyasi zinapandwa kwenye udongo wa chini usio na rutuba. Zinatoka mabaka mabaka na lawama zinaenda kwa mbegu. Andikeni kwenye mkataba kwamba senti 15 hadi 20 za juu zikusanywe kando kwanza, kisha kukata na kujaza kufanyike, halafu udongo ule urudishwe juu. Sehemu ya kujaza ishindiliwe kwa tabaka za senti 20 hadi 25 zikiwa na unyevu. Ukijaza mita nzima kwa mkupuo, masika ya kwanza yatakuonyesha mashimo.

Udongo upimeni wenyewe. Chimbeni mashimo matano au sita ya kina cha senti 60, yajazeni maji, yakiisha yajazeni tena. Kama baada ya muda wa saa nne ujazo wa pili haujapungua hata nusu, maji hayanyonywi vizuri, na mteremko na mitaro ndiyo tegemeo lenu. Kama ni udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, mpira utachezeka, lakini msimwage zege juu yake moja kwa moja. Unavimba na kusinyaa, utalipasua. Utolewe na kujazwa kifusi cha moramu, au kiwanja cha netiboli kihamie kona yenye udongo mwingine.

Nyasi: ukoka wa kawaida unatosha. Unavumilia kukanyagwa na unajitibu wenyewe. Pandeni vipandikizi kwa mistari ya senti 20 hadi 30 mvua zinapoanza, na uwanja ufungwe mpaka ukoka ufunike ardhi. Wanasiasa watataka mechi ya uzinduzi mapema, nawasihi mkatae. Kuhusu maji, fanyeni hesabu kabla ya kuahidi kijani mwaka mzima: milimita 5 kwa siku kwenye mita za mraba 5,500 ni lita 27,500, karibu matangi matatu ya lita 10,000 kila siku ya kumwagilia. Bila kisima hilo haliwezekani. Ukoka uliokwisha kushika utakauka kiangazi na kurudi mvua zikinyesha.

Nyasi bandia ni kitu kizuri kwa mji wenye msongamano na mapato ya kukodisha kila jioni. Huchakaa baada ya miaka inayokaribia kumi na lazima zibadilishwe. Kijiji kisicho na mfuko wa kuzibadilisha kinajinunulia deni.

Magoli yawe ya bomba la mabati la inchi 4, maana nguzo na mwamba havitakiwi kuzidi senti 12. Kipimo cha mita 7.32 ni kati ya kingo za ndani za nguzo, na 2.44 ni kutoka ardhini hadi ukingo wa chini wa mwamba. Mafundi wengi hupima katikati ya bomba na goli linatoka dogo. Mabomba matano ya mita 6 yanatosha magoli mawili pamoja na senti 55 za kuzika kwenye zege. Mwamba utaungwa, kwa hiyo wekeni kipande cha bomba jembamba ndani ya kiungo kabla ya kuchomelea. Goli la kuhamishika lisilofungwa chini lisiwepo kabisa, likipinduka linaua mtoto.

Kiwanja cha zege ndicho ningekipa awamu ya pili. Kimoja kinabeba netiboli, kikapu na wavu, kinatumika hata kama mvua imeisha nusu saa tu iliyopita, na ndicho kinachowaleta wasichana uwanjani. Netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, kikapu 28 kwa 15, voliboli 18 kwa 9 katikati yao, na ringi za netiboli na kikapu zote ziko juu mita 3.05. Mwageni jamvi la mita 34 kwa 19 ili pawe na nafasi ya kusimama nje ya mistari. Nguzo za netiboli ziwe za kuchomoka kwenye soketi, na za kikapu zisimame angalau mita 2 nyuma ya mstari wake.

Jamvi hilo kwa unene wa senti 10 ni mita za ujazo 65 za zege. Kwa mchanganyo wa saruji moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu, kila mita ya ujazo inataka mifuko 8, hivyo pamoja na upotevu wekeni mifuko 545, mchanga mita za ujazo 28 na kokoto 57. Mkikuta mfuko ni Sh 17,000, saruji peke yake inapita milioni 9, ndiyo maana nasema jamvi lisianze na fedha mliyo nayo sasa. Chini yake wekeni senti 15 za mawe yaliyoshindiliwa, moramu ya kuziba, na nailoni. Wavu wa BRC A142 (wavu wa nondo nyembamba) ukalie biskuti za zege (vipande vidogo vya kuuinua) ukae nusu ya juu ya unene, usilale chini kwenye nailoni.

Pimeni kwa boksi la lita 35, ambao ni ujazo wa mfuko mmoja, wala si kwa koleo, na maji yasizidi lita 27 kwa mfuko. Mafundi wakichoka huongeza maji zege lilainike, na hapo ndipo uso unapoanza kutoa vumbi baada ya mwaka. Mwageni kwa vipande vya kupishana vya mita 3.4 kwa karibu 3.2, jumla 60, ili nyufa zifuate viungo mlivyopanga. Mteremko asilimia 1 kuelekea upande mmoja. Fundi asipige nili (umaliziaji laini wa saruji), huteleza na kuvunja watu miguu. Apitishe ufagio mlaini tu. Mwagilieni siku 7 mfululizo, na rangi ya mistari isubiri siku 28.

Fedha. Mchango wa wananchi uje kwanza, hata ukiwa mdogo, kwa sababu kila mdau atauliza ninyi mmeweka nini. Nguvukazi iandikwe: siku, majina, kazi, na thamani yake. Kisha pelekeni mradi kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata uingie kwenye mpango wa halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti hupangwa miezi mingi kabla, kwa hiyo barua ya Mei imechelewa mwaka mzima. Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, unafaa kwa kitu kimoja kinachokamilika, mfano saruji yote ya jamvi. Kama mko kwenye eneo la madini, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni akubaliane na halmashauri kuhusu mpango wa mwaka wa kuchangia jamii, hivyo mlango wenu ni halmashauri, si lango la mgodi. Mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na wenye ulemavu ni mikopo ya kurejeshwa na vikundi. Msiijengee uwanja, ingawa kikundi kinaweza kukopea kibanda cha vinywaji pale. Fedha za FIFA hupitia TFF, shirikisho la mpira wa miguu la Tanzania, msisubiri barua kutoka Zurich.

Kwa kila mnayemwomba, bahasha iwe na muhtasari wa ardhi, mchoro, BOQ (orodha ya kazi, vifaa na gharama) iliyosainiwa na mhandisi, taarifa ya benki na awamu mnayomwomba yeye alipie. Akaunti iwe ya mradi, watia saini watatu, wawili wakihitajika kwa kila malipo. Kama ilivyo kwenye fosi akaunti (miradi inayojengwa kwa kamati na mafundi wa eneo badala ya mkandarasi), anayenunua asiwe ndiye anayepokea mzigo: kamati ya manunuzi mbali, ya mapokezi mbali, ya ujenzi mbali. Mapokezi wahesabu mifuko na kupima tipa la mchanga kwa futi kamba kabla halijamwagwa. Matumizi yabandikwe ofisi ya kijiji kila mwezi.

Badala ya ukuta, pandeni michongoma. Mzunguko wa eneo ni kama mita 510, kwa umbali wa senti 30 ni miche 1,700, na shule inaweza kuiotesha yenyewe. Utunzaji uingie kwenye bajeti tangu sasa: mlinzi, kufyeka, chokaa, nyavu, kuzibua mitaro kabla ya masika. Mechi za ndondo zitaleta kiingilio, lakini wekeni kikomo cha mechi tatu au nne kwa wiki kwenye nyasi na wiki kadhaa za kupumzisha kila mwaka, la sivyo eneo la mbele ya magoli litabaki vumbi.

Kwa milioni 18 basi: upimaji, mitaro, kusawazisha, ukoka, magoli, na choo cha matundu mawili, la wanawake likiwa na chumba cha kubadilishia nguo. Kama mwinuko ni mkali, kusawazisha kunaweza kumaliza zote na choo kikasogea mbele. Lete hapa urefu na upana halisi wa eneo, tofauti ya mwinuko kati ya kona nne na majibu ya yale mashimo ya maji, tukokotoe pamoja saa za greda na safari za tipa kabla hamjasaini na mkandarasi.