Je, binadamu huja duniani bila lengo?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Chuoni tunasomeshwa falsafa ya Mfaransa Jean-Paul Sartre, kwamba mtu huwepo kwanza, kisha hujipa maana mwenyewe. Je, kusoma haya kunaharibu imani? Na mwalimu nimjibu nini?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Kusoma ili ufahamu hakukutoi katika Uislamu. Kinachoangaliwa ni unachokiitakidi.

Katika mhadhara wake wa Paris mwaka 1945, Sartre alitoa mfano wa kisu cha kukatia karatasi: fundi anajua kitatumikaje kabla hajakitengeneza. Binadamu, kwake yeye asiyeamini Mungu, hana fundi, basi hana alichopangiwa. Hapo tunaachana naye. Suratul Muuminun aya ya 115 inakanusha dhana kwamba tumeumbwa bure. Lakini mfano wenyewe unapwaya. Kisu hakiwezi kugoma kukata. Mja ameumbwa amwabudu Mola wake, na bado anaweza kushukuru au kukufuru (Al-Insan: 3).

Mhadhara huohuo una kisa kinachotugusa sisi tunaoulizwa maswali kila siku. Wakati wa vita, kijana mmoja alimwendea Sartre. Kaka yake alikuwa ameuawa na Wajerumani mwaka 1940, na mama yao hakuwa na wa kumliwaza ila yeye. Aende Uingereza akajiunge na wapiganaji wa Ufaransa, au abaki na mama? Sartre akamjibu kwamba yuko huru, achague.

Mtume (S.A.W.) naye alijiwa na mtu akitaka ruhusa ya jihadi. Akamuuliza: wazazi wako wako hai? Akasema ndiyo. Akamwambia: basi fanya jihadi kwao (Bukhari na Muslim). Huyu hakuachwa apapase gizani. Hata hivyo, wanazuoni wamesema adui akishaingia mjini hukumu hubadilika, kwa hiyo kijana yule, hata angekuwa Muislamu, bado angelazimika kuipima hali yake kwa dhati. Mwalimu akidai kwamba dini humwondolea mtu mzigo wa kuamua, mkatalie. Sartre alisema kweli kwamba mtu hawezi kuukwepa mzigo huo. Alichokosa ni kumwambia kijana yule kwamba yuko atakayemhesabia.

Wala usidhani wanafalsafa wote wa mkondo huu wa Sartre walimkana Mungu. Kierkegaard wa Denmark, ambaye wengi humhesabu mwanzilishi wao, alikuwa Mkristo, na mwaka 1843 alitoa kitabu kizima juu ya mtihani wa Nabii Ibrahim (A.S.). Kuna ya kukubaliana naye na ya kumkatalia. Anza na huyo.

Wallahu aalam.