Zege dogo kwenye ardhi yenye mteremko

Ndugu, umeuliza kama unaweza kumwaga zege juu ya ardhi ilivyo, kisha usawazishe sehemu ya juu tu. Tafadhali usifanye hivyo. Litakuwa nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, na huo wembamba ndio utakaopasuka kwanza.

Chimba upande wa juu badala ya kujaza sana upande wa chini, maana udongo wa kujazia hutitia hata ukionekana mgumu. Pakilazimu kujaza, weka changarawe, siyo udongo wenye mizizi, na shindilia kila tabaka la sentimita 10 kabla ya kuongeza jingine. Kanyaga kwa kisigino. Kikiacha shimo, shindilia tena.

Mbao za pembeni zinazozuia zege zipime kwa pima maji, ila acha mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita ili maji yasituame. Unene wa sentimita 10 unatosha kwa kupita watu. Changanya saruji sehemu 1, mchanga sehemu 2, kokoto sehemu 4, na maji yasizidi: zege likiwa kama uji hukauka likiwa dhaifu. Ukishalimwaga na likaanza kushika, lifunike, ulimwagie maji siku 7.