Coaster yangu ya kulala yavuja oili nyuma, nichukue sili gani ya kuvumilia joto?

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Mie niko Mtwapa, nina Coaster ya 1996 ya injini ya 1HZ, ile dizeli ya Toyota, nimetoa viti nikaigeuza nyumba, kitanda, jiko, friji, kila kitu kimo. Ndani ya mwaka mmoja nshabadilisha oili sili ya nyuma ya krankshafti, ile pete ya raba inayozuia oili isitoke pale shafti kuu ya injini inapotokea nyuma, mara mbili na bado yavuja, haswa nikipandisha Mazeras kuelekea Mariakani ama nikikaa sana kwenye foleni ya feri Likoni. Duka moja waniambia chukua ya rangi ya kahawia ndio ya moto, duka la pili wasema silikoni. Nichukue ipi?

JIBU: Waaleikum salaam mzee wangu, na pole sana, manake kushusha gia boksi ya Coaster mara mbili kwa mwaka si kazi ndogo wala si pesa ndogo. Swali la raba ntakujibu, lakini kwanza tukubaliane jambo moja, ni nadra sili mbili kufa mwaka mmoja kwa sababu ya raba peke yake. Hata ile ya bei rahisi ikifungwa sawa kwenye injini iliyo sawa mara nyingi yakaa zaidi ya hapo. Kuna kitu kinaziua, na kama hatujakijua basi hata uniambie nikutafutie ile ya ghali kuliko zote, na hiyo pia itakwenda njia ile ile.

Zile mbili za zamani bado unazo ama umetupa? Kama unayo hata moja itoe uiangalie vizuri kwenye mwanga, mdomo wa ndani ule unaogusa shafti. Ukiwa umekauka mgumu kama plastiki na ukiukunja wapasuka nyufa nyufa, hilo ni joto. Ukiwa bado laini, mdomo mzima, na oili ilikuwa yapita tu, basi joto si mwizi wako, tafuta presha ndani ya injini ama shafti iliyolika. Umelika upande mmoja na upande wa pili mzima, aliyeifunga aliifunga mshazari, ama krankshafti ina mchezo. Na ukiwa umevimba na kulegea kama mahamri iliyolowekwa kwenye chai basi raba hiyo haikupatana na kitu ilichokutana nacho, watu wengine huosha injini kwa ndani na mafuta ya taa alaf washangaa. Mimi sili ya zamani siitupi mpaka nimeisoma.

Sasa raba zenyewe. Dukani utakutana na aina nne tano na herufi zake mara nyingi zimeandikwa kwenye sili au kwenye pakti. NBR ndio ile nitrile ya kawaida, nyeusi, rahisi, yafanya kazi vizuri mpaka kama digrii 100, ukiipeleka 120 ni kwa muda mfupi tu, baada ya hapo yaanza kuwa ngumu. ACM ni akriliki, yafika 150. VMQ ni silikoni yenyewe, yafika 200. FKM, zamani ikiandikwa FPM na wengi waijua kwa jina la Viton, hiyo nayo yafika 200 na yavumilia oili chafu kuliko silikoni. Alaf kuna PTFE, yaani tefloni, ile isiyo na springi mara nyingi, mdomo wake mpana mweupe ama kijivu ama kahawia, hiyo yapita 200 bila wasiwasi lakini ina masharti yake, ntayataja.

Rangi usiifuate mzee wangu. Ni kweli FKM nyingi ni za kahawia au kijani, lakini kuna FKM nyeusi na kuna raba ya kawaida iliyotiwa rangi ya kahawia, rangi ni rangi tu, hakuna sheria inayomlazimisha mtu. Amini herufi na jina la mtengenezaji kama NOK, Corteco, Elring au Victor Reinz, na hata hapo angalia pakti kwa makini, maandishi yaliyochapwa vibaya yakupe shaka. Ukikuta haijaandikwa chochote, si ya krankshafti yako hiyo, ipeleke kwenye pampu ya maji ya shamba.

Kwa krankshafti ya nyuma mimi nakwambia chukua FKM. Sababu si oili ya kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini, oili ya injini isiyo na ugonjwa yacheza digrii 90 mpaka 110 hivi, ukipanda mlima na mzigo yapita kidogo. Sababu ni kwamba pale mdomo unaposugua shafti pana joto lake pekee juu ya lile la oili, digrii 20, 30, hata 40 zaidi. Na sili ya nyuma ni kubwa, kadiri shafti inavyokuwa nene ndivyo ukingo wake unavyokimbia. Piga hesabu, shafti ya milimita 100 ikizunguka mara 3000 kwa dakika ukingo wapita mdomo wa sili kwa karibu mita 16 kila sekunde. Nitrile mwisho wake ni kama mita 12 mpaka 14. Kwa hivyo kama uliuziwa nitrile mara zote mbili ilikuwa ishapitwa kwa joto na kwa kasi vile vile, hapo sikulaumu wewe wala raba. Silikoni nayo si mbaya, magari mengi ya Kijapani ya enzi hizo yalitoka nayo kiwandani, lakini ni laini, yachanika kirahisi wakati wa kufunga, vumbi layakwaruza, na oili iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa yaila. Gari ya kulala hukaa miezi na oili ile ile ndani. Ndio maana nasema FKM. Udhaifu wake mkubwa ni baridi, ile ya digrii 20 chini ya sifuri huko, na baridi hiyo Kenya hii huipati barabarani hata ukienda Nyahururu alfajiri.

Onyo moja hapa kabla sijasahau. Ukikuta FKM imeungua kwa moto kabisa, imekuwa nyeusi ya kunata, usiiguse kwa mkono mtupu, na kamwe usimruhusu kijana wa gereji kuitoa kwa gesi ya kuchomea, ikiungua hutoa asidi ya floridi inayoingia mwilini na kuumiza mpaka mfupa. Hili watu wengi hawaambiwi kabisa.

Haya, turudi kwa muuaji. Ukaniambia yavuja ukipanda Mazeras na ukikaa foleni ya feri. Hizo ni hali mbili tofauti, moja ni mzigo na ya pili ni joto lililosimama bila upepo, lakini zote zagusa vitu vitatu na ndivyo ningeanza navyo kabla ya kushusha gia boksi tena.

Cha kwanza pumzi ya injini. Kila injini ya zamani hupitisha moshi kidogo kando ya pistoni, huo moshi watakiwa utoke kwa ile paipu ya brita. Paipu ikiziba kwa masizi ya oili, au ikikunjwa na mtu alipokuwa apitisha waya za friji yako, presha yabaki ndani na yatafuta mlango, na mlango ulio dhaifu ni sili ya nyuma. Washa injini ikiwa moto, iache taratibu, fungua kifuniko cha kutilia oili, funika tundu kwa mfuko wa plastiki mwembamba. Ukipepea tu ni kawaida. Ukijaa ukawa kama puto na moshi watoka mpaka kwa kijiti cha kupimia oili, hapo una presha, safisha brita kwanza, na ikiwa baada ya kusafisha bado vile vile basi ringi za pistoni zimechoka na hiyo ni habari nyingine. Nimeshuhudia gari iliyofungwa sili tatu na gereji tatu, ugonjwa ulikuwa paipu ya brita ya urefu wa mkono. Angalia pia kiwango cha oili, wengine hujaza kupita alama ya juu wakidhani ni heri, krankshafti yaichapa ile oili kama sukari na mayai.

Cha pili ni lile sanduku la injini ndani ya gari. Kwenye Coaster injini iko mbele pale kati, chini ya kifuniko, na najua wewe kama wote wanaogeuza gari kuwa nyumba umeweka zulia, foili, labda na kabati la viatu juu yake ili usisikie joto wala kelele. Joto lile lilikuwa latoka kidogo kwa juu, sasa lazunguka pale pale. Sikwambii utoe zulia, lakini hakikisha njia za hewa za chini na za pembeni hazikufungwa, na kama kuna karatasi za bati za kukinga matope chini zilizoongezwa na mtu, zitoe. Ukiweza pata bunduki ya kupimia joto, elekeza kwa sampu baada ya kufika Mariakani, andika namba. Kumbuka tangi la maji la lita 200 peke yake ni kilo 200, ongeza kitanda, mitungi ya gesi, betri, hiyo Coaster yabeba daima, haipumziki kama matatu inayoshusha watu.

Cha tatu ni maji ya rejeta. Hapa pwani wengi watia maji ya kisima, na visima vyetu vya Mtwapa na Kisauni vingi ni vya chumvi, baada ya miaka miwili mitatu rejeta yajaa mawe kwa ndani kama birika. Tia kulanti, ile dawa ya rejeta, iliyochanganywa na maji masafi. Na thamostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto, tafadhali mzee wangu, kama fundi alikutolea ati kwa sababu Mombasa kuna joto, irudishe. Injini nyingi za Toyota thamostati ikifunguka yafunga ile njia fupi ya maji inayorudi bila kupita rejeta, ukiitoa ile njia yabaki wazi na sehemu ya maji yaendelea kuzunguka ndani ya moto ule ule. Kwenye foleni ya Likoni angalia feni klachi pia, injini ikiwa moto na imezimwa zungusha feni kwa mkono, ikizunguka kama pangaboi basi imekufa. Kila digrii 10 ukizipunguza maisha ya raba yakaribia kuongezeka mara mbili, hiyo ni kanuni wanayoitumia watu wa raba, kwa hivyo kazi hii ya rejeta yalipa kuliko tofauti ya bei ya sili.

Jambo jingine dogo lakini lachanganya watu, hakikisha ni oili ya injini. Ile inayodondoka pale kati ya injini na gia boksi yaweza kuwa ya gia. Ya injini ya dizeli ni nyeusi tii, ya gia yanuka kama kiberiti na ni nzito. Na yaweza kuwa yatoka juu, gaskiti ya kifuniko cha valvu, yatiririka mpaka nyuma. Osha, kausha, paka poda ya mtoto, endesha nusu saa uone alama.

Ukishusha gia boksi, kabla ya sili mpya pitisha ukucha kwenye shafti pale mdomo unapokaa. Ukucha ukikwama kuna mfereji, na hapo hata FKM ya Ujapani haitaziba. Gari ikikaa sana karibu na bahari pia huweka mstari wa kutu pale pale. Usisugue kwa msasa kwa urefu, hiyo yatengeneza njia ya oili, zunguka na msasa laini sana ukitia oili. Mfereji mdogo, sili mpya ikae ndani au nje kidogo kwa milimita moja mbili kama nyumba yake yaruhusu. Mkubwa, funga slivu, yaani mkono wa chuma mwembamba unaovishwa juu ya shafti, SKF wana wao, unene wake robo ya milimita tu. Ukienda dukani pima shafti, si mdomo wa sili, mdomo hutengenezwa mdogo kidogo. Namba ni tatu, mfano 45 62 8, shafti, nje, na unene. Na angalia mishale, sili nyingi za krankshafti zina mistari ya kusukuma oili irudi ndani kwa mzunguko mmoja tu, ukichukua ya mzunguko wa kinyume itavuja ikiwa mpya.

Kufunga, weka grisi kidogo kwenye springi isiruke, paka oili kidogo mdomoni, sukuma sawa kwa duara pana si nyundo upande mmoja. Mdomo usiguswe na gaskit meka, ile gundi ya gaskiti, hata tone. Lakini kama utachagua PTFE masharti ni kinyume kabisa, hiyo hufungwa kavu, shafti ikaushwe kabisa, mdomo usiguswe na vidole, na gari ikae saa nne kabla ya kuwashwa ili mdomo ukumbatie shafti. Mtu akiifunga na oili kwa mazoea, imeharibika siku hiyo hiyo. Kwa gari ambayo itafunguliwa na fundi yeyote njiani huko Voi au Taveta mimi nakushauri bado FKM.

Sili ya mbele na ya kamshafti badilisha wakati wa belti ya taiming, usiziache, oili ikidondokea belti yaila, na belti ikikatika kwenye 1HZ valvu zakutana na pistoni. Hizo akriliki yatosha, ni ndogo na hazikimbii kama ya nyuma, lakini tofauti ya bei kwa size ndogo si kubwa, ukipata FKM chukua.

Baada ya kufunga endesha mpaka Mazeras na kurudi, iache ipoe, angalia chini. Na gari ikiwa imeegeshwa pale Mtwapa, iwashe kila wiki mbili tatu mpaka ipate moto kamili, uisogeze kidogo, ili mdomo usikauke mahali pamoja. Ukipata namba ya joto ya sampu na jibu la ule mfuko wa plastiki niandikie, hapo ndio ntakwambia kama unashusha gia boksi ama hushushi.