Kutoka Kilindini hadi Idara ya Sheria ya Kampuni: Ushauri kwa Wakili Kijana wa Mombasa

Mawakili vijana wenye ofisi zao kando ya Nkrumah Road na Moi Avenue huniuliza mara kwa mara iwapo waende Uingereza kusoma shahada ya uzamili ili wapate kuajiriwa na kampuni ya kimataifa. Mimi nilianza katika ofisi ya mawakili hapa Mombasa, nikashughulikia mizozo ya meli na shehena kwa miaka mingi, kisha nikahamia idara ya sheria ya kampuni ya uchukuzi inayofanya biashara katika nchi kadhaa. Kwa niliyoyaona, shahada haipaswi kuwa swali la kwanza. Kwanza jiulize ni sheria gani ya kigeni ambayo tayari imo katika majalada yaliyo mezani pako, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayokuvusha mipaka, na shahada huja baadaye kuithibitisha.

Kwa wakili wa Mombasa, jibu liko bandarini. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, kinaipa Mahakama Kuu ya Kenya mamlaka juu ya kesi za bahari, na kuitaka iyatumie kwa namna ile ile inayotumiwa na Mahakama Kuu ya Uingereza. Maana yake ni kwamba wakili anayeomba meli izuiliwe Kilindini husoma hukumu za London kwa sababu sheria ya nchi yake inamlazimu, wala si kwa kujionyesha. Mikataba mingi ya kukodi meli inayofika mikononi mwetu huchagua sheria ya Uingereza na usuluhishi wa London, yaani mzozo uamuliwe na wasuluhishi badala ya mahakama. Wenye meli, kwa upande wao, hukata bima ya dhima katika klabu chache za bima, yaani vyama vya wenye meli wanaobebeana hasara, ambazo kwa pamoja hubeba takribani asilimia 90 ya tani za meli za masafa marefu duniani, nazo klabu hizo huhitaji wawakilishi na mawakili katika kila bandari kubwa. Ongeza hapo shehena ya Uganda, Rwanda na Sudan Kusini inayopita kwetu, na utaona kwamba kazi ya kimataifa imetufuata nyumbani.

Hata hivyo, kuwa karibu na bandari hakutoshi. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Kampala ambaye sukari yake imefika ikiwa imelowa maji. Sheria yetu ya Usafirishaji wa Bidhaa Baharini, Sura ya 392, inafuata Kanuni za Hague za 1924, ambazo zinampa mwenye shehena mwaka 1 tu wa kufungua madai, ilhali Kenya ilijiunga mwaka 1989 na Kanuni za Hamburg, ambazo zinatoa miaka 2. Wakili asiyejiuliza mapema ni kanuni zipi zinazotawala hati ya shehena (bill of lading, ambayo mwenye nayo ndiye anayestahili kukabidhiwa bidhaa) iliyo mbele yake, meli ilipakia wapi, na hati yenyewe inasema nini, atajikuta akimweleza mteja habari za muda uliokwisha kupita. Anayejiuliza maswali hayo siku ya kwanza, akajilinda kwa ule muda mfupi zaidi, ndiye ambaye wenzetu wa ng'ambo watamtumia jalada la pili. Vivyo hivyo kwa uamuzi wa wasuluhishi wa London unaopaswa kutekelezwa hapa: Kenya imo tangu mwaka 1989 katika Mkataba wa New York wa 1958, unaowezesha maamuzi ya wasuluhishi wa nchi moja kutekelezwa katika nyingine, na Sheria ya Usuluhishi ya 1995 inaonyesha njia ya kuufikisha Mahakama Kuu, lakini ni mawakili wachache walioipita njia hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho. Ipite walau mara moja, hata kama malipo yake ni madogo.

Jambo lililonijengea jina nje ya nchi lilikuwa dogo kuliko vijana wanavyodhani, nalo ni namna ya kuandika ripoti. Wakili wa London au afisa wa madai wa klabu ya bima, anaposoma barua kutoka Mombasa, anataka kujua katika aya ya kwanza afanye nini, kabla ya siku gani, hasara inaweza kufikia kiasi gani na gharama ya kujitetea ni kiasi gani. Historia ya kesi ije baadaye. Ofisi zetu nyingi hulea mtindo wa kinyume, ambapo ushauri umefichwa ukurasa wa mwisho baada ya salamu na vifungu vya sheria, na nakiri kwamba mtindo huo huniudhi hadi leo.

Kuhusu masomo, nitasema kwa ufupi. Taasisi ya Kimataifa ya Sheria za Bahari iliyoko Malta, iliyoanzishwa mwaka 1988 chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari, pamoja na vyuo vikuu vya Southampton na Swansea, vinajulikana katika fani hii. Anayetaka leseni ya Uingereza atakutana na mtihani mpya ulioanza mwaka 2021, ambao sehemu yake ya kwanza ina maswali 360 ya kuchagua jibu, na wakili aliyekwisha kufuzu katika nchi nyingine hadaiwi miaka 2 ya mafunzo ya kazi ambayo wengine hudaiwa. Kama nia yako ni kuishi na kufanya kazi hapa Pwani, nadhani fedha hizo zingoje mpaka uwe na majalada yatakayoifanya leseni hiyo iwe na kazi.

Kuhamia kampuni ni jambo jingine kabisa, na wengi hulichukulia kama kubadilisha ofisi tu. Nieleze kwa suala linalorudi kila mara katika biashara ya meli. Meneja wa shughuli anapiga simu saa nane mchana: mteja mkubwa anataka kuchukua shehena yake, hati halisi ya shehena bado iko benki ng'ambo, makontena yanalimbikiza demareji (malipo ya kucheleweshwa) na ada za kuhifadhi, na mteja yuko tayari kutoa barua ya dhamana, yaani ahadi ya kufidia hasara yoyote itakayotokea. Je, tumpe? Nilipokuwa ofisi ya mawakili, ningeandika kwamba kutoa shehena bila hati halisi ni kuvunja mkataba, na kwamba kwa kawaida klabu ya bima haitalipa hasara inayotokana na hatua hiyo, kisha ningetuma ankara yangu. Ushauri huo ungekuwa sahihi, na meneja asingeweza kuutumia. Wakili wa kampuni anatakiwa kujibu kabla ya jioni: tumpe, mradi dhamana imetiwa saini na benki tunayoikubali na kiwango chake kinazidi thamani ya shehena, au tusimpe, na mimi mwenyewe nitampigia mteja simu kumweleza sababu. Kisha ataishi na jibu hilo, kwa kuwa mzozo ukitokea hatakuwa na jalada la kumkabidhi wakili mwingine na kuondoka. Asiyeweza kulala usingizi baada ya uamuzi wa namna hiyo atafurahia zaidi mahakamani, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Usiri nao hubadilika. Mwaka 2010, katika kesi ya Akzo Nobel, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishikilia kwamba mawasiliano ya wakili mwajiriwa na kampuni yake hayana kinga ya kutosomwa katika uchunguzi wa ushindani wa kibiashara unaofanywa na Kamisheni ya Ulaya, ingawa Uingereza huyalinda. Kampuni ikiwa na ofisi Ulaya, barua pepe unayoiandika Mombasa inaweza kusomwa huko na mtu usiyemtarajia, kwa hiyo masuala mazito ya ushindani mpe wakili wa nje.

Endelea kulipia leseni yako ya uwakili kila mwaka. Ni kweli kwamba Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua mwaka 2015 kuwa hati haibatiliki kwa sababu tu iliandaliwa na wakili asiye na leseni, lakini uamuzi huo unamlinda mteja, haumlindi wakili huyo dhidi ya adhabu. Fanya pia mitihani ya ukatibu wa kampuni inayotolewa na KASNEB, bodi ya mitihani ya wahasibu na makatibu nchini Kenya, kwa kuwa Sheria ya Kampuni ya 2015 inazitaka kampuni za umma, na zile za binafsi zenye mtaji uliolipwa wa kuanzia shilingi milioni 5, ziwe na katibu, na waajiri wengi hupenda mtu mmoja ashike kazi zote mbili.

Ukiitwa kwenye usaili, uliza utakuwa chini ya nani. Wakili anayeripoti kwa mkurugenzi mkuu huitwa mkataba ungali rasimu. Anayeripoti kwa mkuu wa fedha mara nyingi huletewa mkataba uliokwisha kutiwa saini, pamoja na barua ya madai. Uliza pia kama una ruhusa ya kuchagua mawakili wa nje na bajeti yake ni kiasi gani, halafu ndipo mzungumzie mshahara.