Yule chura usimtoe

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu. Umeniambia ulikuwa unapanga kabati la juu, ukashusha lile boksi zito, ukakuta ndani midoli yote iliyokuwa ikija na mlo wa watoto ulipokuwa mdogo, mingine bado imo kwenye vifuko vyake vya nailoni. Ukauliza: "Baba, yote hii umeitunza ya nini? Na hii miwili mipya umeinunua lini, wakati mimi nina miaka 31?" Ukasema unataka kumpelekea mwanao mingine, na itakayobaki itupwe.

Hiyo miwili niliinunua mwezi uliopita. Nilikwenda peke yangu, nikaagiza mlo wa mtoto, nikakaa mezani karibu na dirisha. Sikuagiza kwa ajili ya baga. Nilitaka kile kifuko. Unakijua kilivyo: vidole vina mafuta ya chipsi, nailoni inateleza, haichaniki mpaka uiume na jino la pembeni. Wewe ulikuwa hukubali nikuchanie. Kwanza ulikipapasa umefumba macho, ukitafuta sikio au gurudumu, ukataja jina la unachodhani kimo, ndipo ukang'ata. Ule muda kati ya kupapasa na kung'ata naupenda mpaka leo, na umri haujaupunguza hata kidogo.

Lakini kuna sababu nyingine, na sijawahi kukueleza.

Ulipoanza darasa la kwanza ulinyamaza. Mtoto aliyekuwa anaimba mpaka bafuni akawa anajibu "ndiyo" na "hapana" tu. Mama yako alikuuliza, mimi nikakuuliza, hatukupata kitu. Jumamosi moja nikakupeleka kula, na ndani ya boksi akatoka chura wa kijani, kimo chake kama kidole gumba, ukimbonyeza mgongoni mdomo unafunguka. Ukamweka katikati ya meza akinitazama mimi. Ukabonyeza. "Chura hataki kwenda shule."

Nilirudisha chipsi niliyokuwa nimeishika. Nikamuuliza chura kwa nini. Wewe sikukuangalia kabisa. Akasema kuna mkubwa anamsubiri nyuma ya vyoo na kumnyang'anya chakula chake. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mvua zilipoanza. Nikamuuliza jina, akalitaja. Kila swali ulibonyeza, ukasubiri mdomo ufunguke vizuri, ndipo ukajibu kwa sauti yake nyembamba. Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mwalimu kabla kengele haijalia.

Tangu siku hiyo sikuviona tena kama vitu vya kuchezea tu. Nilipopunguzwa kazi, nilikuambia kwa kutumia kile kigari chekundu cha kurudisha nyuma, chenye springi ndani. Nilikikaza, nikakiachia, kikaenda shubiri moja kikasimama. Nikasema gari la baba limesimama kwa muda. Ulikitazama sana, halafu ukauliza kama kitalala nje. Nikakuambia hapana, kitalala nyumbani na sisi. Ukakipeleka chini ya mto wako. Umekiona? Kimo upande wa kulia, kimebanduka rangi kwenye bati la mbele.

Kwa kuwa mambo haya yananigusa, nimeyasoma pia. Wengi wanadhani McDonald's ndio waliobuni mlo wa namna hiyo, lakini mgahawa mwingine wa Marekani, Burger Chef, ulikuwa na wake tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Guatemala nako, Yolanda Fernández de Cofiño, aliyekuwa akiendesha migahawa ya McDonald's na mumewe, alianza kuwapangia watoto sahani yao ndogo na zawadi kwa sababu aliona hawamalizi chakula cha wakubwa. Happy Meal yenyewe, yaani mlo wa watoto wa McDonald's, ilienea Marekani mwaka 1979, ikiwa kwenye boksi lenye picha za gari la sarakasi. Zawadi zilikuwa vitu kama vifutio, kipochi cha kuvaa mkononi na bangili ya jina. Hakuna aliyedhani mtu mzima angevitunza. Mwaka 1987 ikaja ile midoli ninayoipenda kuliko yote kwa ufundi wake: baga au pakiti ya chipsi, ukikunjua bawaba zake inakuwa roboti mwenye mikono na miguu. Mtu fulani alikaa akafikiri kwa bidii namna ya kuficha kichwa ndani ya mkate. Kazi hiyo naiheshimu.

Najua unachotaka kuniambia, maana uliwahi kuniambia. Mdoli ndio chambo, mtoto anavutwa kwenye chumvi na mafuta, na kila wiki wanabadilisha mdoli ili urudi. Ni kweli. Sina ubishi hata mmoja hapo, na zipo wiki nilizorudi wakati sikupaswa kurudi. San Francisco walipitisha sheria mwaka 2010 ya kuzuia zawadi ya bure kwenye milo isiyofikia viwango vya lishe. Ilipoanza kutumika mwaka uliofuata, McDonald's wakaanza kuutoza mdoli senti 10. Chile walikwenda mbali zaidi, na tangu 2016 chakula chenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi hakiruhusiwi kumvuta mtoto kwa mdoli. Ufaransa wamekataza midoli ya plastiki kwenye milo ya watoto tangu Januari 2022. Nawaunga mkono. Ningependa mjukuu wangu apate kitabu kidogo au fumbo la karatasi ndani ya boksi, mradi abaki na kitu cha kukipapasa kabla ya kukiona.

Kinachoniuma zaidi ni watu wazima wanaonunua mdoli na kutupa chakula. Mwaka 1997, Teenie Beanie, vile vinyama vidogo vya kitambaa, vilitengenezwa kama milioni 100, na vikaisha mapema mno kabla ya muda uliopangwa. Agosti 2025 Japani kukatokea hivyohivyo kwa kadi za Pokémon, wale vinyama wa katuni za Kijapani: walanguzi walibeba milo mingi, wakachukua kadi, na chakula kikaonekana kimeachwa nje. Mimi sijawahi kununua hata mmoja ili niuze. Ukiwaona wanasema mtandaoni kwamba boksi kama letu lina thamani, usipoteze usiku kutafuta bei.

Sasa kuhusu mwanao. Ana mwaka mmoja na miezi miwili, na kila kitu kinakwenda mdomoni. Nakuomba uchambue boksi zima kabla hajaligusa. Chochote chenye kipande kinachochomoka, kiweke kando mpaka apite miaka mitatu. Vilivyo na taa au sauti vina betri ndogo za mviringo kama za saa. Mtoto akiimeza moja inaweza kumuunguza koo ndani ya saa chache. Na vipira vinavyofunguka nusu kwa nusu usimpe kabisa. Mwaka 1999 Burger King, mgahawa mwingine wa baga, walilazimika kuomba virudishwe vipira vya Pokémon zaidi ya milioni 25 baada ya nusu ya kipira kumziba mtoto pua na mdomo, akafariki. Tulikuwa navyo viwili. Nilivivunja kwa nyundo wiki niliyosikia habari ile, na ukanililia siku nzima. Sikukuambia sababu kwa kuwa ulikuwa mdogo. Nimekuambia leo.

Mchukulie tembo wa mpira laini, hana kiungo chochote, na sikio lake la kushoto lina alama za meno yako. Mwoshe kwa maji ya moto kiasi na sabuni. Mchukulie pia twiga yule mnene. Roboti za baga na vile vilivyo kwenye vifuko niachie, naomba visitupwe. Ile miwili mipya niliinunua kwa ajili yake yeye, akifika miaka minne hivi, akishaweza kung'ata kifuko mwenyewe. Usimfungulie.

Chura abaki kwangu. Bawaba ya mdomo imelegea, ukibonyeza inafunguka upande mmoja tu. Jumamosi ukija, njoo na ile bisibisi yako ndogo ya miwani, nadhani kuna skrubu chini ya tumbo lake.

Ni mimi,
Baba yako